Kompyuta inachelewa kuzima tangu nifanye apdeti, na UPS yangu haina subira hiyo (Mwanza)

Mama Kopi

Wakuu, mwangaluka.

Nina stesheneri hapa Kirumba, jirani na Mwaloni. Natoa kopi, naprinti, nachapa mikataba ya wafanyabiashara wa dagaa, nafanya laminesheni, na jioni wanakuja vijana wa vyuo na flashi zao. Kompyuta ya mezani ni ya zamani: prosesa i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 8, diski ni HDD (ile ya zamani inayozunguka). Windows 10 ilipofika mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, mpwa wangu akaniambia mashine hii haitapokea Windows 11 kwa njia ya kawaida, haina TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa yake haimo kwenye orodha. Akaniwekea Linux Mint. Nimeizoea na kazi zinaenda.

Sasa kuna apdeti nilizikubali mwanzoni mwa wiki. Tangu hapo nikibonyeza kuzima, nembo ya Mint inabaki kwenye skrini, feni inazunguka, nasubiri weee, ndipo inazima. Kabla ya hapo ilikuwa inazima kabla sijafunga droo.

Najua kuna atakayesema "dada, si usubiri tu." Umeme ukikatika hapa dukani, UPS inanipa dakika chache, betri yake imechoka. Ndani ya hizo dakika nihifadhi kazi ya mteja, nifunge, nizime. Kompyuta ikiwa bado inajivuta na UPS ikakata, siku inayofuata naanza kwa kuomba dua.

Mafundi wa mtaani wameniambia jibu moja: tufute kila kitu, tuweke upya. Sitaki. Kuna njia nyingine?

Sato Mkavu

Ngoja nikae hapa nisubiri wajuzi. Yangu ya Windows nayo ina huo ugonjwa.

Mwamba wa Pasiansi

Dada, RAM ndogo hiyo. Weka 16 na SSD (diski ya kisasa isiyozunguka), utasahau habari hizi.

Fundi Waya

Mwamba, SSD ni ushauri mzuri kwa kompyuta yoyote yenye HDD, lakini hapa hatujui bado kama ndiyo dawa. RAM iliyomtosha juzi haijapungua kwa sababu ya apdeti.

Mama Kopi, nina maswali kabla mtu hajakuuzia kifaa. Chukua simu, weka saa ya kuhesabu, zima kompyuta, uone inachukua muda gani. Fanya tena kesho. Nataka kujua kama muda ni uleule au unabadilikabadilika.

Nauliza hivyo kwa sababu diski inayokufa haina ratiba. Leo itakuchelewesha sekunde ishirini, kesho hamsini, keshokutwa itakuachia haraka. Muda ukiwa uleule kila mara, tena namba iliyonyooka, hapo kuna kipima muda mahali fulani kinachosubiri mtu ambaye hajibu. Linux Mint huendeshwa na systemd, programu inayowasha na kuzima huduma zote, yaani programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia, na kwa kawaida huipa kila huduma sekunde 90 ijifunge yenyewe. Zikiisha, inaiua kwa nguvu na kuendelea.

Mama Kopi

Nimepima jana jioni na leo mchana. Ni dakika moja na nusu na kitu kidogo, zote mbili. Sasa hicho kinachosubiriwa nakionaje?

Fundi Waya

Nilitegemea hiyo. Kuna njia mbili na zote hazihitaji fundi kuja dukani.

Ya kwanza: ukishabonyeza kuzima na nembo ikatokea, bonyeza kitufe cha Esc. Nembo itaondoka, utaona maandishi. Tafuta mstari unaoanza na "A stop job is running for", na mwisho wake kuna saa inayohesabu kuelekea 1min 30s. Piga picha kwa simu.

Ya pili: washa kompyuta kama kawaida, fungua terminali, andika

journalctl -b -1 -e

Hiyo `-b -1` inaleta kumbukumbu za mara iliyopita kompyuta ilipokuwa imewashwa, na `-e` inakupeleka moja kwa moja mwishoni, yaani pale ilipokuwa inazima. Tafuta neno "timed out".

Malimbe Hosteli

Shikamoo dada. Mimi ni mwanafunzi huku Malimbe, natumia Linux pia. Hayo yote ya nini? Fungua faili `/etc/systemd/system.conf`, kwenye `DefaultTimeoutStopSec` weka 5s, ondoa alama ya reli (#) mwanzoni mwa mstari, washa upya. Kwisha habari. Mimi nimefanya hivyo, inazima chap.

Fundi Waya

Dogo, inafanya kazi, sikatai. Lakini umenyamazisha king'ora bila kuangalia moto uko wapi.

Zile sekunde 90 zimewekwa ili huduma iliyo katikati ya kuandika kitu imalize. Ukiweka 5 kwa mfumo mzima, kila huduma isiyojiwekea muda wake yenyewe itapewa sekunde tano na kuchinjwa. Kwenye laptopu ya kuandikia ripoti huenda usione madhara. Kwenye kompyuta ya duka yenye programu ya mahesabu na kanzidata nyuma yake, siku moja utaona. Tumjue kwanza anayechelewesha, tumshughulikie yeye peke yake.

Mama Kopi

Marahaba kijana. Fundi, nimefanya zote mbili. Kwenye skrini ilikuwa imeandikwa:

A stop job is running for Make remote CUPS printers available locally

Na kwenye terminali, mwishoni huku:

systemd[1]: cups-browsed.service: State 'stop-sigterm' timed out. Killing.
systemd[1]: cups-browsed.service: Failed with result 'timeout'.

Nimeona neno printers nikashtuka, maana printa ndiyo maisha yangu. Zinafanya kazi zote.

Fundi Waya

Tumempata. Usiogope, printa zako ni nzima.

CUPS ndiyo inayoprinti kwenye Linux. Huyo cups-browsed ni msaidizi wake wa pembeni. Kazi yake ni kuzunguka kwenye mtandao wa ndani akitafuta printa za Wi-Fi au zilizoshirikishwa na kompyuta nyingine, kisha kukutengenezea foleni zake bila wewe kugusa kitu. Wakati wa kuzima anatakiwa ashughulikie zile foleni, azungumze na CUPS, aage. Mara nyingine anakwama hapo, systemd inamsubiri mpaka sekunde 90 ziishe, inamuua. Ni kasoro inayojulikana, watu wa Ubuntu, Debian na Mint wameilalamikia kwa miaka.

Kuhusu apdeti, angalia mwenyewe kilichobadilishwa siku ile:

less /var/log/apt/history.log

Shuka hadi tarehe yako. Ukiona cups-browsed au cups-filters kwenye orodha, umeshajua mgeni aliingia lini.

Swali langu: printa zako zimeunganishwaje?

Mama Kopi

Nimeona cups-browsed kwenye ile siku, ipo. Ninazo mbili. Nyeusi na nyeupe inatumia waya wa USB. Ya rangi iko kwenye Wi-Fi ya ruta ya dukani, na hiyo sikuisetia, ilijitokeza yenyewe mpwa alipoweka Mint.

Fundi Waya

"Ilijitokeza yenyewe" huenda ni kazi ya huyo huyo. Ya waya haimhitaji kabisa. Ya rangi tunaweza kuiandikisha kwa mkono, tukampumzisha.

sudo systemctl disable --now cups-browsed

Halafu zima kompyuta, upime.

Na kuna sababu ya pili ya kumpumzisha. Septemba 2024 ilitangazwa kuwa cups-browsed alikuwa na tundu la usalama: alikuwa anasikiliza mlango wa mtandao wa UDP 631 na kupokea pakiti kutoka popote, kiasi kwamba mtu wa nje angeweza kukupachikia printa ya uongo, na ukiituma kazi, amri zake zikaendeshwa kwenye mashine yako. Viraka vilitoka, na ushauri kwa asiyemhitaji ulikuwa mwepesi: mzime. Duka ambalo wateja wanaunganisha simu kwenye Wi-Fi hiyohiyo ya printa lina sababu zaidi ya kufanya hivyo.

Mwamba wa Pasiansi

Hiyo ya Wi-Fi moja na wateja imenigusa. Stesheneri karibu zote za mjini ndivyo zilivyo, nenosiri limebandikwa ukutani pembeni ya bei ya kopi.

Mama Kopi

Mrejesho. Imezima haraka kama zamani, hata sikuwahi kubonyeza saa vizuri.

Lakini printa ya rangi imepotea kwenye orodha! Na kuna bwana anasubiri vipeperushi vya harusi.

Fundi Waya

Tulikubaliana tutaiandikisha kwa mkono, umekimbia na nusu ya dawa.

Kwenye printa yenyewe, ingia menyu ya mtandao usome namba ya IP, kitu kama 192.168 na kuendelea. Kisha kwenye Mint fungua sehemu ya printa, ongeza printa mpya, chagua ya mtandao, andika hiyo IP. Printa nyingi za sasa zinakubali IPP (lugha ya kuprinti kwa mtandao), chagua hiyo kwanza.

Jambo moja watu wanalisahau: ruta inaweza kuipa printa IP nyingine umeme ukirudi, na kwetu umeme unarudi mara nyingi. Ingia kwenye ruta, uifungie printa IP moja ya kudumu. Usipofanya hivyo utakuja hapa wiki ijayo kusema printa imegoma.

Kama kuna mtu mwenye ofisi kubwa anayemhitaji huyo msaidizi, asimzime. Ampunguzie subira yeye peke yake:

sudo systemctl edit cups-browsed

Andika mistari miwili hii, hifadhi:

[Service]
TimeoutStopSec=10

Dogo wa Malimbe, hii ndiyo ile fikra yako, ila inamgusa mhusika tu.

Malimbe Hosteli

Nimekuelewa fundi. Nimerudisha ya kwangu ilivyokuwa, nikaangalia journalctl. Kwangu ninachokiona ni tofauti, hakuna "timed out" hata moja, lakini siku nyingine inachelewa sana kuzima na siku nyingine hapana.

Fundi Waya

Siku inayochelewa, ulikuwa umechomeka flashi?

Malimbe Hosteli

Ehee! Umejuaje? Huwa nawarushia wenzangu muvi na video za mihadhara.

Fundi Waya

Linux inapokopi kwenye flashi, data inaingia kwanza kwenye RAM. Kwenye skrini inaonekana imemaliza, kumbe flashi ya bei ya kutupa bado inaandika polepole. Ukizima, mfumo unakataa kuiacha mpaka iandikwe yote. Hapo usikate kabisa, faili za wenzako ndizo zitakazoharibika. Andika `sync` kwenye terminali, ikirudisha mstari ujue imemaliza. Au itoe flashi kwa kitufe cha kutolea badala ya kuichomoa tu. Kwenye stesheneri hili linatokea kila siku na mteja ndiye anayelaumu flashi.

Busisi Darajani

Habari za jioni wakuu. Mimi niko Sengerema, ofisi ya shule. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 nabeba kompyuta kwenda kwa fundi Mwanza bila kusubiri kivuko, kwa hiyo namshukuru Mungu, ila safari hii nimechoka kuibeba. Ni Windows 11, inazima polepole sana baada ya apdeti. Haya ya terminali si yangu. Nisaidieni.

Sato Mkavu

Na mimi! Nimeweka kambi hapa tangu juzi.

Fundi Waya

Windows nawaachia wenyewe. Nipo kama msomaji.

Mwamba wa Pasiansi

Naam, hapa ndipo kwetu.

Busisi, kwanza tutenganishe. Microsoft hutoa viraka vya mwezi Jumanne ya pili ya kila mwezi, asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu ni saa mbili au saa tatu usiku. Kwa hiyo Jumatano au Alhamisi ukiona kompyuta inakawia kuzima na kuna asilimia zinahesabika kwenye skrini, hiyo siyo hitilafu, inapachika viraka. Mwache. Ukikata umeme hapo unaweza kumlazimisha aanze kurudisha nyuma alichokuwa anaweka, na kwenye HDD hiyo ni kazi ya nusu siku.

Ikiwa inachelewa kila siku, hata wiki ambayo hakuna apdeti, ndipo tuchimbe. Sato, yako ikoje?

Sato Mkavu

Kila siku. Windows 10, HDD, RAM 8. Hakuna asilimia, imeandika tu Shutting down na vidoti vinazunguka.

Busisi Darajani

Yangu ilikuwa na asilimia. Na leo imezima haraka. Kumbe!

Mwamba wa Pasiansi

Busisi umepona, baki na nauli yako.

Sato, Windows nayo inaweza kusema. Fungua Event Viewer, nenda Applications and Services Logs, Microsoft, Windows, Diagnostics-Performance, Operational. Tukio namba 200 linakuambia kuzima kulichukua milisekunde ngapi. Namba 203 inataja huduma iliyochelewesha. Ukikuta jina, ni programu gani hiyo? Mara nyingi ni antivairasi au programu ya printa iliyosasishwa nusu.

Njia nyingine ninayoipenda zaidi: fungua regedit (kihariri cha mipangilio ya ndani ya Windows), nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System, tengeneza DWORD (mpangilio wa namba) iitwayo VerboseStatus, ipe thamani 1. Kuanzia hapo badala ya vidoti vitupu, Windows itaandika anachokifanya wakati wa kuzima.

Sato Mkavu

203 haipo. 200 ipo, imejaa, namba ni zaidi ya laki moja. Nimeweka VerboseStatus, huduma zinapita upesi, halafu mwishoni kabisa inaganda kwa muda mrefu bila kutaja mtu.

Mwamba wa Pasiansi

Mwishoni kabisa, baada ya huduma zote kufungwa. Je, kuna mtu amewahi "kuiongezea spidi" hiyo kompyuta?

Angalia HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Session Manager\Memory Management. Kuna ClearPageFileAtShutdown. Niambie ni 0 au 1.

Sato Mkavu

Ni 1.

Mwamba wa Pasiansi

Weka 0, washa upya.

Hiyo ikiwa 1, Windows kila inapozima inaifuta pagefile (faili la kwenye diski linalosaidia RAM) kwa kuiandika masifuri mwanzo hadi mwisho. Ni mpangilio wa ofisi zenye siri kubwa, ila kwenye zile orodha za "fanya kompyuta iwe nyepesi" umesambazwa kama uchawi. Piga hesabu: pagefile ya GB 8, HDD ya zamani inayoandika MB 80 kwa sekunde, ni sekunde mia moja. Ndiyo laki moja yako ya milisekunde.

Kwa hiyo kwako apdeti haina kesi.

Ukitaka kuzima kikamilifu, shikilia Shift unapobonyeza Shut down. Tangu Windows 8, kuzima kwa kawaida pale Fast Startup ilipowashwa hakuzimi kila kitu, kiini cha mfumo kinahifadhiwa kwenye diski ili kesho iwake haraka. Ndiyo maana matatizo mengine ya draiva yanapona ukichagua Restart na hayaponi ukizima na kuwasha.

Sato Mkavu

Imezima mpaka nikadhani umeme umekatika. Mkuu, Mungu akuongezee.

Mama Kopi

Wabheja sana wote. Printa ya rangi imerudi kwa IP, nimeifungia kwenye ruta, na vipeperushi vimechukuliwa. Nitabadilisha betri ya UPS mwisho wa mwezi, hilo lilikuwa deni langu la siku nyingi.

Nansio Sola

Uzi umenikuta nimechelewa. Niko Ukerewe, ofisi yetu ni ya sola. Kompyuta ya Linux Mint, nimefuata hatua za Fundi Waya, sekunde 90 zilezile, lakini jina si la printa. Imeandika /mnt/ofisi. Hiyo ni folda ya kompyuta ya bosi, tunaifungua kwa Wi-Fi. Nafanya nini?

Fundi Waya

Hapo Wi-Fi inakatika kabla folda haijaachiwa. Mfumo unabaki kuita kompyuta ya bosi kwenye mtandao ambao haupo tena.

Anza na Wi-Fi. Fungua mipangilio ya muunganisho wenyewe, tafuta sehemu ya kuruhusu watumiaji wote kuutumia, weka alama. Bila hiyo, Wi-Fi ni mali ya akaunti yako, unapotoka nayo inaondoka.

Kisha kwenye `/etc/fstab`, faili lenye orodha ya diski na folda za kuunganishwa, mstari wa hiyo folda, ongeza kwenye machaguo:

_netdev,nofail,x-systemd.automount,x-systemd.idle-timeout=60

Folda itafunguka pale tu mtu anapoigusa, na ikikaa dakika moja bila kutumika itajiachia. Washa upya, ifungue, iache dakika mbili, zima. Leta mrejesho na ule mstari wa fstab, ficha nenosiri.